Kitabu Ndani ya Nailoni

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na meza yangu ya kushonea mabegi, na sheria yake ni moja tu: anayekaa lazima awe na maoni. Ujuzi si lazima. Alasiri hiyo tulikuwa wanne na birika moja la kahawa. Kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa. Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa kupita nje, alikuwa na nafasi kama kawaida yake. Fundi Saa ndiye aliyenitia huruma, na kunikera pia. Mkewe alikuwa amemkasirikia akarudi kwa mama yake, wiki ya tatu sasa, na yeye amekaa pale amepakata kitabu kipya cha mchungaji wake, *Mlango Haujafungwa*, kikiwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani.

— Hicho ndicho kitakachomrudisha mkeo? nikamuuliza.

— Ndicho. Mchungaji mwenyewe aliyaombea maboksi yote kabla hayajafunguliwa. Alisema kila atakayekinunua, nyumba yake itasimama.

— Umekisoma?

— Nichane nailoni baraka zitoke? Saa mpya ukiifungua mfuniko, unyevu unaingia, haiwi tena saa mpya. Mimi ni fundi bwana, mambo ya kufungua nayajua. Nakilaza kwenye mto wa mke wangu, basi.

Nikapiga funda la kahawa nisije nikasema neno. Mwanamume mzima, ndevu zote zile, analala na karatasi.

— Mimi nasema vitabu vya hawa viongozi wa dini ni hasara tupu, akasema Kinyozi. Ninavyo vinne pale kibandani, na cha sheikh wangu kimo.

— Kama ni hasara, vinne vya nini? nikamuuliza.

— Vya ukutani! Mteja akiona sheikh huku, mchungaji kule, wote wanamkodolea macho, habishani na bei.

— Na ndani vinasemaje?

— Nitajuaje? Kazi yangu kunyoa. Ila tazama majalada. Wote wameshika kidevu, wote wanatazama juu kulia. Hiyo picha ni moja, wanabadilisha kichwa tu. Na kwenye vichwa hanidanganyi mtu.

Wakili akakohoa. Wakili akikohoa, ujue tumekwisha.

— Kisheria, kununua ni mkataba. Wewe umetoa hela, mbingu imepokea. Kusoma hakumo kwenye masharti. Ulipewa risiti?

— Nilipewa, akasema Fundi Saa.

— Itunze kuliko hata kitabu. Mkeo asiporudi ndani ya siku tisini, tunakwenda kushtaki.

— Tunakwenda wapi?

— Juu.

— Ghorofani?

— Juu kabisa, ndugu yangu! Usinifanye nitaje.

Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Mnajisumbua. Ndani ya kile kitabu hamna kitu, kurasa nyeupe tupu. Ndiyo maana wanafunga nailoni.

— Wee! Muogope Mungu! akasema Fundi Saa.

— Haya, nani hapa amewahi kukutana na mtu aliyekifungua?

Wakili akakuna kidevu, akasema hoja hiyo ina uzito, maana hata cha kwake hajakigusa tangu alipokiegemeza kwenye mlango wa choo usibamizwe na upepo. Akaongeza kwamba kwa kazi hiyo kinafaa sana, kingekuwa chembamba kisingefaa.

Uzalendo ukanishinda.

— Nyinyi ni watu wa ajabu! Kitabu kinanunuliwa kisomwe! Kama huyo mchungaji anajua lolote kuhusu ndoa, si ameliandika humo humo?

— Wewe umekisoma? akauliza Kinyozi, taratibu.

Hapo alinishika pabaya. Kabla ya uzinduzi wa kitabu nilipewa kazi ya kushona mifuko ya kutilia vitabu hivyo. Nikashona mia mbili, nikavitia kimoja kimoja kwa mkono wangu, na sikufungua hata kimoja. Nikajifanya nashughulika na zipu.

Wakati huo akatokea msichana mmoja na koti jeupe la duka la dawa. Alikuwa mdogo wake mke wa Fundi Saa, ametoka kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba! tukaitikia.

Fundi Saa alikuwa ameshasimama.

— Shemeji! Dada yako amerudi?

— Hajarudi. Amenituma na swali.

— Uliza, akasema Wakili, kana kwamba ametumiwa yeye.

— Dada naye alikinunua hicho kitabu, siku ileile uliyonunua chako. Anauliza, shemeji, umefika ukurasa gani?

Fundi Saa akamtazama Wakili. Wakili akachungulia birika. Kinyozi akakumbuka taulo la kuanika, akaenda.

— Mimi... bado nakitunza, shemeji.

— Unakitunza.

Msichana akaitazama ile nailoni, na nilivyoona aibu mimi, ungedhani mke ni wangu.

— Yeye amekimaliza mara mbili. Sura ya kwanza tu, mchungaji wenu anasema mume aliyemuudhi mkewe aende mwenyewe, kwa miguu yake, akaseme samahani mbele ya wakwe. Asitume mtu. Dada akasema, basi atakuja, si kitabu anacho? Kila siku alasiri kama hii anaoga, anavaa gauni lake la kijani, anakaa barazani. Wiki ya tatu hii, shemeji. Leo hakuvaa.

Fundi Saa alikiacha kitabu kwenye benchi akaanza kwenda, kwanza polepole, halafu akakimbia, huku shemeji yake akimfuata nyuma na kumpigia kelele apite njia ya sokoni, ndiyo fupi.