Binti wa Redio

Benchi liko nje ya kibanda cha kunyolea, na wanaolikalia ni wale wale. Kinyozi mwenyewe wanamwita Redio, maana mdomo wake haupumziki hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Jioni ile alikaa nao benchini wakinywa kahawa, akiwa na lake moyoni. Bintiye wa darasa la nne ana kigugumizi, na shuleni kwao kuna mwalimu wa usemi anayemtoa darasani, anakaa naye chumba cha pembeni, anamfundisha kuvuta pumzi na kulianza neno polepole. Kesho yake Redio alitakiwa aende akaseme kama mtoto aendelee au basi.

— Mkatalie, alisema Wakili, ambaye sheria hakusoma, anauza mitumba. Akitolewatolewa darasani wenzake watamwona hana akili.

Dereva mstaafu akadai kigugumizi huletwa na kutekenywa utotoni, na dawa yake ni kumshtua mtoto akiwa amelala. Wakili hakutaka kupitwa. Akasema walimu wale huwabadili watoto sauti, mpaka mama mzazi akiitwa mlangoni hajui nani anaita. Redio alijua ni porojo, lakini hofu ilimwingia hivyo hivyo.

Mara binti mwenyewe akatokea, bado na sare ya shule.

— Ba-baba, n-n-na...

— Njaa? Redio alidakia.

Binti akatikisa kichwa.

— Nauli, alisema Dereva.

— Nguo imechanika, alisema Wakili.

Mtoto akainamisha uso. Mteja mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja Redio amalize kahawa amnyoe, akauliza taratibu:

— Kwani akiachwa amalize mwenyewe, kuna nini?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Dukani, mezani, kwa shangazi yake, kote huko yeye ndiye aliyekuwa akimsemea mtoto, akidhani anamhurumia. Ilimuuma sana.

Redio akamgeukia bintiye. Kahawa ikapoa vikombeni. Binti akavuta pumzi, akalianza neno polepole.

— Nnn-nataka kuendelea kwa mwalimu. Yeye... a-ananisubiri.

Wakili akatazama viatu vyake. Redio akasogea, akampa mwanawe nafasi benchini.

— Kaa, mama. Ulitaka kusema nini kingine?

Akaweka kikombe chini, akangoja.