Jina Alilolitafuta Toronto: Marehemu Dominiko Nyakundi Mogaka (1958–2015)

Marehemu Dominiko Nyakundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Nyaribari, Kisii, mtoto wa kwanza wa Mzee Mogaka na Mama Bosibori. Nyumbani kwetu mtu mzima hakutajwa jina moja tupu. Ulimtaja pamoja na jina la baba yake, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Nalisema hili mapema kwa sababu lilimfuata kaka yangu maisha yake yote.

Baada ya sekondari, mwaka 1979, alipata ufadhili wa kusomea uhandisi nchini Polandi, wakati huo chini ya Wakomunisti. Alifika mji wa Wroclaw na sweta moja. Karibu na bweni lake palikuwa na parokia ya Padre Zygmunt. Desemba 1981 serikali iliiweka nchi chini ya jeshi na kuwafunga wafanyakazi waliodai haki zao. Padre akaanza kuwaombea kila Jumapili, kwa majina ya ubatizo tu. "Ya ukoo Mungu anayajua," alisema, maana kwenye viti vya nyuma walikaa makachero. Marehemu alitusimulia kwamba watu waliingia mle wakinong'ona na kutoka wakiimba. Uhuru uliokuja mwaka 1989, yeye alisema alikwisha kuuona pale kanisani, watu wakiacha kuogopa mmoja mmoja.

Februari 1983 Padre alikaukwa na sauti, akampa Dominiko karatasi asome. Ilikuwa karatasi aliyoitumia kupelekea familia zao chakula, yenye majina kamili. Dominiko, kwa heshima ya nyumbani, akayasoma yote pamoja na ya ukoo. Mmoja wao, Bogdan, alikuwa bado hajafungwa ila amejificha, na polisi hawakulijua jina lake la ukoo. Makachero walisikia, na Jumanne iliyofuata wakamchukua. "Kosa ni langu, ningekueleza," Padre alimwambia. "Sasa umwombee wewe." Alimwombea miaka thelathini na miwili.

Alirudi Kenya mwaka 1986, akafanya kazi Nairobi, na tarehe 12 Mei 1990 akafunga ndoa na Kagendo, muuguzi kutoka Meru. Walijaliwa Moraa na Mutuma. Kisha ikaja barua ya Padre: Bogdan alitoka gerezani, akahamia Kanada, yasemekana Toronto. Kwa hiyo mwaka 2002, Kagendo alipotaka waende London kwa dada yake, marehemu alisema Toronto, na akiamua jambo huyo alikuwa hasogei.

Huko Toronto walikaa mtaa wa Crescent Town, baadaye Scarborough. Vyeti vyake havikukubaliwa, akawa fundi wa lifti, na hakuona haya. Kila Jumapili alipanda basi na treni hadi kanisa la Wapolandi, upande wa pili wa mji. Akina bibi wa kule walimpenda, wakamjaza supu ya kabichi, naye akamuuliza kila mmoja wao habari za Bogdan. Siku moja Moraa, akiwa na miaka kumi na moja, alimuuliza, "Daddy, huyu Bogdan ni uncle wetu?"

"Hapana, mama. Ni mtu niliyemtaja vibaya."

"So just tell him sorry."

"Nikimpata."

Hakumpata.

Figo zake zilianza kuugua mwaka 2013. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Novemba 2015, mkewe akiwa amemshika mkono. Wiki ile ya mwisho aliniambia, "Kwamboka, kwenye orodha ya ninaowaacha, weka Bogdan. La ukoo usiliandike." Nikamwambia orodha ni ya familia. "Andika," akasema. Nilinung'unika, lakini nimeandika.

Ameacha mjane wake Kagendo, watoto wake Moraa na Mutuma, mimi dada yake Kwamboka, na Bogdan, popote alipo. Kama yupo hapa anayemfahamu, amwambie kwamba kaka yangu alivuka bahari kuja kumwomba radhi.

Pumzika kwa amani, Dominiko. Sasa tutamtafuta sisi.