Mzee Maroa, Bolti Zake na Zawadi ya Meneja

Mzee Isaya Maroa, fundi wa pikipiki wa ushirika wetu wa maziwa hapa Migori, amestaafu rasmi tarehe 31 Mei 2026 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Muda huo wote aliomba ruhusa ya ugonjwa mara moja tu, pale injini ilipomwangukia mguu wa kushoto. Ushirika ulimjali sana: ulimpa soda, kisha ukamkumbusha kurudisha chupa.

Alianza kazi akiosha mitungi ya maziwa. Siku moja pikipiki ya kubebea maziwa ilikataa kuwaka, Maroa akaifungua kabla hajaombwa, na ikawaka. Tangu hapo akawa fundi, kwa mshahara wa mwosha mitungi, maana wakubwa wetu hawapendi kumvurugia mtu mazoea.

Sifa yake kubwa ni kukaza. Mafundi wengine hukaza bolti hadi ishike. Maroa huchomeka bomba kwenye mkono wa spana ili urefuke, akaning'inia hapo na kukaza hadi yeye mwenyewe aridhike, na Maroa si mtu wa kuridhika upesi. Zamani bolti ya oili ilidondoka njiani kutoka Ogwedhi, injini ikafa, maziwa ya watu yakaharibika juani. Akaapa kwamba bolti yake haitaanguka barabarani tena. Kiapo amekitimiza. Hazianguki, na pia hazifunguki, kama zinavyoshuhudia spana zilizovunjika kule stoo kwangu.

Basi mwezi wa nne meneja wetu mpendwa, Bwana Motari, alitutangazia zawadi ya mstaafu. Ilikuwa ile pikipiki nyekundu ya zamani iliyolala nyuma ya vyoo, injini imekwama, kuku wanataga juu ya kiti. Sharti lilikuwa moja: Maroa aiwashe na kuitoa getini kwa injini yake yenyewe kabla siku yake ya mwisho kazini haijaisha. Akishindwa, mnunuzi wa vyuma chakavu angeibeba. Kutoa ni moyo, walisema wahenga. Tulipiga makofi, tungefanya nini?

Lakini msicheke sana. Nyumba ya Maroa iko juu kilimani, mbali na barabara, na ule mguu wa kushoto haupandi tena kilima. Bila pikipiki, kustaafu kwake ni kukaa uani akitazama kuku, na mahubiri ya kanisani kusimuliwa na jirani. Aliitaka pikipiki ile, jamani. Aliitaka mpaka ikawa inatuuma na sisi.

Na ni nani aliyeifunga injini hiyo mara ya mwisho? Maroa, na bomba lake. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Kutu nayo ilikuwa imemsaidia, na vichwa vya bolti vimelika hadi vikawa mviringo kama vifungo vya shati. Alizimwagia dizeli, akazigonga kwa nyundo taratibu ili kutu iachie, akazipasha moto wa gesi. Zilizokaidi alizipiga tindo ubavuni hadi zikakubali kuzunguka. Moja aliichomelea nati juu ya kichwa ili spana ipate pa kushika. Kila iliyotoka alimlaani fundi mjinga aliyeikaza, na sisi tukamuunga mkono kwa moyo mmoja.

Bolti ya mwisho ilikatika Ijumaa alasiri, kisiki chake kikabaki ndani ya injini. Maroa akakichomelea nati, akamwaga dizeli, akavuta. Kikasogea upana wa unywele. Tukapiga kelele za furaha. Jua nalo likawa linazama, na Maroa, Msabato kindakindaki, akaweka spana chini, akanawa mikono na kututakia Sabato njema. Tulimsihi, tukamkumbusha kwamba Jumapili ndiyo siku yake ya mwisho, na jioni mnunuzi wa vyuma yuko getini. Alitujibu kwamba hata bolti ina haki ya kupumzika. Mimi nilikasirika, sitaficha.

Jumapili asubuhi, na ng'ombe hawajui Jumapili kwa hiyo nasi tulikuwa kazini, alishika spana na kisiki kikatoka bila ubishi. Dizeli ilikuwa imepenya kwenye kutu siku nzima huku sisi tukimsengenya. Ndani, kumbe tatizo lilikuwa ringi za pistoni zilizoganda tu. Akazitoa, akasafisha, akafunga. Mchana pikipiki iliwaka kwa moshi uliowatimua wapimaji wa maziwa, na Maroa akatoka nayo getini mbele ya macho yetu sote. Nililia.

Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote katika utumishi wake: akarudi. Alirudi kuleta spana za ushirika, kwa kuwa si zake. Bwana Motari alisikia ngurumo, akatoka ofisini mbio, na papo hapo akagundua kwamba pikipiki mfu ni zawadi, ila pikipiki hai ni mali ya ushirika, inayohitaji uamuzi wa kamati. Akachomoa ufunguo. Maroa akaenda nyumbani kwa boda.

Fundi kama huyu anaweza kuiwasha pikipiki hiyo kwa nyaya mbili akiwa amefumba macho. Alikataa. Alisema hakuingia ushirika huu akiwa mwizi, na hatatoka akiwa mwizi.

Leo, katika sherehe hii ya kumuaga, kwa bahati njema wanakamati wote wako humu ukumbini na wameshiba pilau. Mama Robi, mke wa Maroa, ameketi safu ya mbele, kofia mbili za pikipiki mapajani. Pikipiki iko hapo mlangoni, tangi tumelijaza sisi wafanyakazi, gurudumu la mbele limeelekea getini. Ufunguo umo katika mfuko wa shati la Bwana Motari. Kamba yake nyekundu inaonekana hadi hapa niliposimama.

Mzee Maroa, ahsante kwa kila bolti, hata zile zilizotutoa jasho. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika na Mama Robi, na kilima kile usikipande kwa miguu. Bwana Meneja, ahadi ni deni. Karibu mbele.

Dorine Bitutu, mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi