Kijiti Kilicholiwa

Nje ya jengo la maduka la Tianxiu Dasha, mjini Guangzhou, pale wabeba mizigo wanapofungia kamba, pana benchi lisilokosa watu wala kahawa. Siku hiyo tangi la kupashia maji lilikuwa limelazwa mbele yake, juu ya kadibodi. Kassian alikuwa amelishusha kutoka chumba alichoishi na marehemu mkewe, Dorothea, aliyekuwa mkunga kabla ya kumfuata Guangzhou. Akiwa kitandani mgonjwa, Dorothea aliomba jambo moja: tangi lile liende zahanati ya parokia, kule kwenye baridi ya Mbinga, akina mama wazazi waoge maji ya moto. Kontena la mizigo ya nyumbani lilikuwa likifungwa saa kumi jioni. Na sasa, katika kulisafisha, Kassian alifungua skrubu moja akachomoa kijiti cha madini kilicholiwa hadi kikabaki waya.

— Limekufa, Papa Kassian, alisema Ignace wa Lubumbashi, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakuwahi kusema "sijui". Hicho ndicho kinachemsha maji.

— Kinachochemsha ni hiki cha chini, kilichopinda kama pini ya nywele, alidakia Bimdogo, muuza kahawa. Na kidude hiki cha pembeni hukata umeme maji yakishapata moto.

— Sasa kijiti ni cha nini? Ignace alimtega.

— Maji ya huku yana meno. Lakini haraka haraka haina baraka, ndiyo maana yamekitafuna polepole.

— Mais non! Ignace alipinga. Hiyo ni antena. Kiwanda kinahesabu kila mtu anaoga mara ngapi.

— Wewe wangeshakukatia maji, Profesa, kwa kutoyatumia.

Benchi lilicheka. Ignace hakurudi nyuma.

— Basi walikiweka kijimalize, ununue tangi lingine. Papa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tupa.

Mkono wa Kassian ulikuwa mfukoni, kwenye rozari. Kulitupa tangi lile kwake kulikuwa kama mazishi ya pili, na ya kwanza yalikuwa bado hayajampoa moyoni.

Hapo akafika Swalha, mwanafunzi mgeni aliyefuata harufu ya kahawa. Akaamkia, akainama, akamulika simu kwenye tundu la ile skrubu.

— Wazee wangu, kama tangi limeoza, kutu iko wapi?

Wakachungulia kwa zamu. Ndani mlikuwa mweupe kama bakuli jipya. Ignace aliifuata chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu.

Kassian alikigeuza kijiti mkononi, taratibu.

— Kimeliwa chenyewe, alisema, ili tangi lisiliwe.

Akaenda na ule waya kwenye duka la vipuri. Laobani, mwenye duka, aliupima kwa macho, akatoa kijiti kizima, kinene kama kidole gumba. Kassian akainua vidole viwili: kimoja cha kutia leo, kingine cha kusafiri na tangi.

Saa tisa unusu, kando ya skrubu, aliandika kwa kalamu ya mizigo: *Fungueni hapa kila mwaka. Kikiisha, wekeni kingine. Dorothea.*

— Si nilisema tangu mwanzo ni zima? Ignace alinguruma, akiinua upande mzito.

— Ulisema, Profesa, alijibu Kassian, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, benchi lilimsikia akicheka. Inua tu, wazazi wanasubiri.