Wondimagegn, Mtu wa Bure

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogeza kiti, punguza moto wa sufuria, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka kijana mmoja. Jina lake Yihenew Bitew. Alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa mwisho. Alifariki mwaka jana mwezi wa Tikimt, mwezi wetu wa pili, kwa malaria, akiwa ameshafukuzwa chuo. Na alifukuzwa kwa sababu walisema amemwibia kazi mtu mmoja aitwaye Wondimagegn.

Shikeni majina hayo mawili. Yihenew. Wondimagegn. Msiyaache.

Kwao Yihenew ni Bure, huku milimani Gojjam, kaskazini ya Addis. Msicheke. Ni mji, una soko, una makanisa, una matope ya kumtosha kila mtu. Lakini sisi wenye Kiswahili chetu hatulisikii jina hilo hivi hivi. Mtoto alizaliwa Bure, akafanya kazi bure, akafa bure. Nimeshalisema, na halikuniondolea uchungu hata kidogo.

Wazazi wake walikufa mapema. Alilelewa na kaka yake, Gashaw, mwenye mashine ya kusagia tefu, nafaka ya mkate wetu wa injera. Gashaw akaoa. Akamleta nyumbani Ayalnesh.

Desturi ya huku mnaijua. Bibi harusi hawaiti ndugu za mumewe kwa majina yao, ni utovu wa adabu. Huwatungia majina mapya, yake mwenyewe. Ayalnesh alikuwa mtoto pekee kwao, hana kaka, hana mdogo. Alipoingia nyumba ile alimkuta shemeji yake ana miaka minane, kamasi zinamchuruzika. Akamwita Wondimagegn. Maana yake, "nimepata ndugu".

"Alinitazama juu mpaka chini," Ayalnesh aliniambia. "Akaniuliza, 'Wewe shiro yako utatia pilipili, au utapika ya kitoto?' Nikamwambia ya pilipili. Akasema, 'Haya basi, kaa.' Ndiye aliyenikaribisha. Gashaw alikuwa nje anahangaika na mbuzi."

Kwa hiyo wasikilizaji, sikieni vizuri. Yihenew ndiye Wondimagegn. Wondimagegn ndiye Yihenew. Mtu mmoja. Jina moja la shule, jina jingine la nyumbani.

Akaenda chuo. Chuo chenyewe sikitaji. Wao wanajijua, na redio wanasikiliza. Huko akaanza kuandika programu huria. Yaani unaandika programu, unaiweka hadharani mtandaoni, na yeyote duniani anaichukua, anaitumia, hakulipi. Yihenew alikuwa na tatu kwa mpigo. Moja ilisaidia tovuti kuonyesha herufi zetu bila kuzivuruga. Ya pili ilikuwa ya ratiba za shule. Ya tatu ilikuwa kalenda. Kalenda ndiyo iliyompa sifa na ndiyo iliyomponza. Tovuti za kigeni hazijui kwamba sisi tuna mwezi wa kumi na tatu, Pagume, wa siku tano, na kila mwaka wa nne siku sita. Kalenda yake ilijua. Ukiiweka kwenye tovuti yako, tarehe inakaa sawa.

Programu zote tatu alizitia sahihi kwa jina la nyumbani. Chini ya kila ukurasa unaozitumia iliandikwa: Wondimagegn, Bure, Gojjam. Ayalnesh alipomwuliza kwa nini, alimjibu, "Yihenew ni wa mitihani, dada. Hiki ninachogawa ni kama chakula cha nyumbani. Kiende na jina la nyumbani."

Watu wakala. Walikuwepo wa Addis, wa Norwe, wa Brazili. Asante ya punda ni mateke. Kila siku barua za lawama. Kitu fulani hakifanyi kazi, utarekebisha lini, mbona kimya? Naye anasoma mtihani kwa jicho moja, kwa jicho la pili anawajibu. Likizo moja Gashaw alimkuta ameinamia kompyuta, injera imekauka pembeni.

"Hao wanakulipa?"

"Hapana, kaka."

"Wanakulisha?"

"Hapana."

"Sasa wanakufokea kwa nini? Ni wakwe zako?"

Yihenew alicheka, akaendelea kuandika.

Ikafika kazi yake ya kumaliza shahada. Alitengeneza mfumo wa zahanati, ili mama mjamzito akiambiwa arudi tarehe fulani, iwe tarehe anayoijua yeye na si ya wazungu. Ndani yake akaweka kalenda yake. Kalenda yake, narudia. Chuo kikaipitisha kazi ile kwenye mashine ya kunasa wezi wa maandishi. Mashine ikalia. Sehemu kubwa ya kazi hii, ikasema, ni mali ya Wondimagegn.

Akaitwa mbele ya kamati. Akasema, "Wondimagegn ni mimi." Wakacheka. Akafungua kompyuta mbele yao, akaingia kwenye kalenda kwa neno lake la siri, akabadilisha mstari mmoja wakiuona, akaurudisha. Mwizi gani anaweza hivyo? Mwenyekiti akavua miwani.

"Kumbe na neno lake la siri umeiba."

Ndivyo alivyosema. Mtu mwenye shahada tatu. Na mwalimu msimamizi wa Yihenew, aliyeiona kalenda ile tangu haijatambaa, alikuwepo kitini. Alitazama dirishani mpaka kikao kikaisha.

Ayalnesh aliposikia, alijifunga netela, shuka lake jeupe la kanisani, akapanda gari alfajiri, akaenda chuo. Alisubiri mlangoni hadi mchana. Walipomruhusu kuingia, alisema maneno machache tu. "Waheshimiwa walimu, jina hilo nililitoa mimi. Siku ya harusi yangu. Wondimagegn ni shemeji yangu huyu."

Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hapa hatubatizi. Rudi nyumbani ukapike."

Walimu wale wote, wasikilizaji wapendwa, wana wake. Nyumbani kwao wadogo zao wanaitwa majina waliyotungiwa na wake hao. Desturi waliijua kama wanavyojua njia ya kwenda kanisani. Ila siku ile hakuna aliyeikumbuka. Elimu ina wakati inamsahaulisha mtu hata mama yake.

Tangazo la kumfukuza liliwekwa kwenye tovuti ya chuo. Yihenew alilisoma akiwa jikoni kwa Ayalnesh. Akashuka nalo mpaka chini ya ukurasa, akacheka. Ayalnesh anasema kicheko kile kilimtisha kuliko kilio.

"Unacheka nini, ndugu yangu?"

"Tazama tarehe waliyonifukuzia. Inahesabiwa na kalenda yangu. Na jina lako hili hapa chini, dada. Wondimagegn, Bure, Gojjam. Wanaitumia miaka miwili sasa."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, wakamtoa uwanjani kwa mateke.

Kijana aliyefukuzwa kwa wizi hapati kazi ya ofisi. Yihenew akashuka Metema, kwenye joto, kuvuna ufuta pamoja na vibarua. Gashaw alimkataza. Alimwambia kule mbu hawana salamu, na watu wa milimani kama sisi damu yetu haiwajui. Yihenew akasema, "Kaka, siwezi kula tefu yenu nikiwatazama." Akaenda. Sikukuu ya Meskel ikapita, maua ya njano yakajaa vilimani, yeye hayupo.

Kule shambani mtandao haupo. Jioni alipanda kichuguu, simu mkononi, akawajibu wale wa kalenda. Ujumbe wake wa mwisho Ayalnesh ameutunza. "Samahani kwa kuchelewa. Nipo shambani, na nina homa kidogo. Pagume ya siku sita inakuja mwisho wa mwaka huu, na kalenda inaijua siku ya sita ila bado haijui kuivuka iingie mwaka mpya. Nitarekebisha nikipona."

Mtu mmoja, sijui wa nchi gani na sitaki kujua, alimjibu: "Fanya haraka. Tunakutegemea."

Homa kidogo ilikuwa malaria ya kichwa. Gashaw alimfuata, akamkuta zahanati, hajui yuko wapi. Walimrudisha Bure akiwa maiti. Msalaba wa kaburi ukaandikwa Yihenew Bitew, kwa sababu padri aliandika jina la serikali.

Mwaka ukazunguka. Pagume ikafika, ya siku sita. Kalenda ikafika siku ya sita ikagoma. Sisi tukaingia mwaka mpya, tovuti ya chuo ikabaki mwaka wa jana. Wanafunzi wanajiandikisha, mfumo unawaambia mwaka haujaanza. Mafundi wa chuo wakahangaika wiki nzima. Mmoja akashuka chini ya ukurasa, akaliona jina.

Siku hiyo Ayalnesh alikuwa uani anatengeneza tela, pombe ya kumbukumbu ya mwaka ya marehemu. Gari la chuo likasimama. Wakashuka wawili, vijana wa heshima, mikono wameifunga kifuani.

"Mama, hujambo. Tumeelekezwa hapa. Ni kwa bwana Wondimagegn?"

Tangu aolewe, hakuna mgeni aliyewahi kulitamka jina lile mlangoni kwake. Ayalnesh alishika ukingo wa mtungi.

"Ni hapa. Mnamjua?"

"Aa, mama! Nani asiyemjua? Kazi yake ndiyo inaendesha chuo chetu. Tunamwomba aje atusaidie. Na chuo kitamlipa vizuri."

Hakuwatukana. Angekuwa mwingine angewamwagia mtungi. Aliwaambia, "Yuko pale kanisani kwa Mikaeli, upande wa mawio. Nendeni mkamwite."

Wakaenda. Wakazunguka kanisa, wakazunguka makaburi. Wakarudi na matope viatuni.

"Mama, hatukumwona. Kule kuna makaburi tu. Lipo moja jipya, la Yihenew Bitew."

Ayalnesh akawaambia, "Basi mmefika. Huyo ndiye. Mlipomfukuza mlisema Yihenew amemwibia Wondimagegn. Leo mmemtafuta Wondimagegn mkamkuta Yihenew. Kawaambieni walimu wenu kesi imekwisha, na mwizi na mwenye mali wamelala pamoja."

Kijana mmoja alikaa chini pale pale kwenye tope, akalia. Yeye hakuwa na kosa. Wenye kosa hawakupanda gari lile.

Kwa mama Ayalnesh, kwa kaka Gashaw, kwa ukoo wote wa Bitew, poleni. Poleni sana. Mungu amweke pema.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kila siku tunakula jasho la watu tusiowajua, kisha wakisimama mbele yetu tunawadai ushahidi. Tunasema kitu ni cha bure, kumbe kuna mtu alikilipia.

Mnataka kujua chuo kilifanya nini? Kilinunua kalenda nyingine. Ukurasa sasa hauna jina chini. Katika kumbukumbu zao Yihenew bado ni mwizi. Nilimwuliza Ayalnesh anataka nini kwao, fidia, cheti, au nini. Alisema, "Waje tu hapa kwangu, waseme, 'Ilikuwa yake.' Nitawachemshia kahawa."

Kumbukumbu ya mwaka ilifanyika Jumamosi iliyopita. Watu wa Bure walijaa uani. Ayalnesh aliweka viti vya walimu mstari wa mbele, akavifuta vumbi mwenyewe. Vilibaki vitupu mpaka tukaondoka.