Taa Iliyozimika Tangini

Wasikilizaji wapendwa, ketini nami kidogo. Leo tunamkumbuka Muzhir Jabbar, ambaye hapa Basra wengi mlimjua kwa jina la Abu Sabah, yaani baba yake Sabah. Alikuwa fundi wa matangi na pampu pale wanapoosha magari, njia ya kwenda Zubair. Alifia ndani ya tangi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani hadithi hii inaishia pazuri.

Baba yake Abu Sabah alikuwa mchimba visima. Alimwachia taa moja ya mafuta na kamba yake. Kabla ya kushuka tangini, Abu Sabah aliiteremsha kwanza ile taa ikiwaka. Ikiendelea kuwaka, anashuka. Ikizimika, ndiyo kusema chini hakuna hewa ya kuvuta, hashuki, hata umwambie nini. Anaacha mfuniko wazi, anakunywa chai yake, anasema, "Liacheni lipumue."

Alifanya kazi na shemeji yake Raad, ndugu wa mkewe. Huyo utani haukumwisha mdomoni, na taa ile aliiita bibi harusi. "Vipi, Abu Sabah? Bibi harusi wako keshaingia chumbani? Kakukubali leo?"

"Cheka tu, shemeji. Aliyekufa haulizwi alikuwa na haraka gani."

Basi ikafika siku ya mwisho ya Ramadhani, alasiri. Jua la hapa mnalijua. Magari yalipanga foleni mpaka barabarani, maana nani atakwenda kwa wakwe siku ya Idi na gari la vumbi? Mara pampu ya kutoa maji machafu ikaanza kukohoa. Inanguruma, maji hayatoki. Abu Sabah akafungua chujio, akalikuta safi. Akapapasa mabomba, hayavuji. Akajua tatizo liko chini, kwenye tangi la ardhini linalopokea maji machafu. Matope yameziba mdomo wa pampu. Na tangi hilo halikufunguliwa tangu majira ya baridi.

Akateremsha taa. Haikufika hata nusu, ikazimika. Akaiwasha, akaiteremsha tena. Ikazimika tena.

"Hakuna kushuka," akasema. "Tuliache wazi mpaka kesho."

"Kesho Idi, mzee!" dereva mmoja akapiga honi. "Fundi mzima unaogopa matope?"

Watu wakacheka. Raad kicheko kile kikamuingia. "Shemeji, nashuka mara moja tu, nazoa, natoka."

"Raad, taa imekataa."

"Taa yenyewe haina mafuta, bwana!"

Abu Sabah akainama kuitikisa ile taa. Mafuta yamo. Alipoinua kichwa, Raad yuko kwenye ngazi, kichwa chake kinapotelea shimoni.

Raad mwenyewe alinieleza hivi: "Nilifika kidato cha mwisho cha ngazi. Miguu ikawa si yangu. Baada ya hapo sikumbuki kitu."

Wasikilizaji wapendwa, Abu Sabah alijua. Taa ilizimika mara mbili mbele ya macho yake. Alijua kuliko mtu yeyote pale. Akaifungua taa kwenye kamba, akajifunga kilemba puani, akashuka na kamba ile ile. Akampitishia Raad kamba makwapani, akaitikisa. Wale wale waliokuwa wakicheka wakavuta. Raad akatoka, anahema. Wakaiteremsha kamba tena. Hakukuwa na mkono wa kuishika.

Nidhal, mkewe, alikuwa nyumbani anakanda kleicha, zile biskuti za tende za Idi, unga umemjaa mikononi. Aliniambia, "Walisema mmoja katoka mzima. Sikuuliza ni nani. Niliogopa hata kuomba dua, maana nikimwombea huyu, nimemuua yule. Sasa nikimwona ndugu yangu, namshukuru Mungu. Kisha namchukia. Halafu namwekea chakula."

Raad bado yuko pale. Juzi nilimkuta anateremsha taa tangini. Kijana mmoja akamtania habari za bibi harusi. Raad alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

Bibi Nidhal, poleni sana wewe na mwanao Sabah. Nawe Raad, pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Sabah. Ninyi mafundi, tangi lililofungwa muda mrefu msiliingie kwa sababu ya maneno ya watu.

Na wewe ndugu uliyepiga honi siku ile, najua unanisikiliza. Gari lako lilikwenda Idi na vumbi lake. Kuna mkwe aliyeliona?