Kipimo Alichokiomba Kavata

Carolyne Kavata Nzau alizaliwa Pumwani, Nairobi, tarehe 14 Machi 1996. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Nzau Musyoka, dereva, na mimi Muthoki, fundi wa nguo katika soko la Jericho.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni Machakos kuanzia 2010 hadi 2013. Chuo kikuu alisomea biokemia, akahitimu mwaka 2018. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo kila alichosoma alinieleza polepole mpaka kikaniingia.

Kuanzia 2019 alifanya kazi katika maabara ya utafiti, akichunguza kimeng'enya kimoja cha kijidudu cha malaria. Siku moja alichukua chaki yangu, akachora mfuko wa shati kwenye kitambaa cha mteja.

"Mama, kimeng'enya kina mfuko kama huu. Mabaki ya sukari yakiingia, kifuniko kinashuka. Humo ndani yanapokea hidrojeni, yanatoka yakiwa asidi. Kilicholeta hidrojeni kinarudi kitupu kupakia nyingine, kama mtungi unaorudi bombani. Mtungi usiporudi, kijidudu kinakosa nguvu."

"Na sisi hatuna mfuko huo?"

"Tunao. Lakini kifuniko cha kijidudu ni kirefu kuliko chetu. Tunatafuta dawa ya kuziba mfuko wake bila kugusa wetu."

"Na kitambaa cha watu umekichorea nini?"

Alicheka mpaka akakalia pini. Aliniambia pia kuna kipimo cha tone moja la damu kinachokitafuta kimeng'enya hicho hicho, na majibu hayachukui hata nusu saa.

Tarehe 11 Desemba 2021 alifunga ndoa na Zedekiah Owiti, karani. Mwaka 2023 walijaliwa binti, Roseline. Krismasi iliyopita walimpeleka mtoto kwa nyanya yake, mama wa Zedekiah, Ugunja kule Siaya. Nyumba ilijaa wageni na chandarua kilibaki kimoja, Kavata akamlaza mtoto ndani yake. Walirudi Nairobi tarehe 2 Januari.

Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Siandiki hivyo. Homa ilianza Alhamisi, tarehe 9 Januari. Ijumaa nilimpeleka kliniki moja ya Eastlands. Alijieleza mwenyewe, akitetemeka: "Nimetoka Siaya juzi. Naomba mnipime malaria."

Mhudumu hakuinua macho. "Dada, Nairobi hakuna malaria. Hii ni taifodi."

"Nidunge tu kidole, uone."

"Umekuja kutibiwa ama kutufunza kazi?"

Hapo mimi nikamwambia, "Kavata, nyamaza. Usibishane na daktari."

Akanyamaza. Alidungwa sindano za taifodi siku tatu. Jumatatu hakumtambua mtoto wake. Tulikimbia hospitali kubwa, wakamdunga kidole, na mstari wa malaria ukatokea kwenye kipimo kabla sijamaliza kujaza fomu. Malaria ilikuwa imefika ubongoni. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 28.

Matangani nimesikia wengine wakisema ni mapenzi ya Mungu, wengine wakiwanyoshea kidole wakwe zake. Acheni. Mungu hakumnyima kipimo. Wakwe zake hawakumroga. Boksi la vipimo lilikuwa kwenye rafu, nyuma ya yule mhudumu. Kavata alikuwa akilitazama. Nami niliyaona macho yake yalikoelekea, nikamnyamazisha.

Ameacha mume wake Zedekiah, binti yao Roseline, sisi wazazi wake, ndugu yake Ndambuki, na mama mkwe wake, aliyempenda kama wa tumbo lake. Yeyote anayenisikia, akipata homa baada ya safari, aombe kipimo. Akikataliwa, aombe tena, na mama yake amsaidie kupiga kelele.

Pumzika, Kavata. Umeshasema yako. Sasa anasema mama.